Mahali pa Kristo, au kwa Niaba Yake?

Katika Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, 2 Wakorintho 5:20, Paulo anawasihi watu "in Christ's stead", yaani mahali pa Kristo. Revised Standard Version, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1946, yasema "on behalf of Christ", yaani kwa niaba ya Kristo. Kiyunani kina neno moja, huper, linaloweza kubeba maana zote mbili. Lakini tazameni aya ya 21, Kristo anapofanywa dhambi kwa ajili yetu. Neno ni lilelile, na hapo King James yasema "for us" tu. Neno zito la kushika nafasi wakampa mhubiri, si Mwokozi! Naona mizani yao ililemea upande usiofaa. Msalabani Kristo alisimama mahali petu. Mimbarani hakuna asimamaye mahali pake, kwa maana yeye hajaondoka. Mchungaji ni mjumbe. Akijisahau, hudai maneno yake mwenyewe yatiiwe kama ya Bwana, nami jaribu hilo nalijua. Wapendwa, tusikilizeni, lakini ujumbe wetu upimeni kwa Neno.