Mkia wa Yellowbird: Hesabu Zinazoifanya Assetto Corsa Iaminike

Ukitaka kupima ukweli wa simuleta ya mbio za magari, usihangaike na mng'ao wa bodi wala vivuli vya miti. Panda gari ambalo injini yake iko nyuma kabisa, ingia kona ya kasi, kisha ukiwa katikati ya kona achia mafuta ghafla. Mchezo wa kawaida utalipunguza mwendo tu. Katika Assetto Corsa, ukiwa ndani ya Ruf CTR, ile iliyobatizwa Yellowbird, mkia utakutangulia.

Gari lenyewe lilitoka mwaka 1987 kwenye kampuni ya Ruf ya Pfaffenhausen, Bavaria, likijengwa juu ya bodi ya Porsche 911. Lina injini ya lita 3.4, mitungi sita iliyolala ubavu, turbo mbili na nguvu farasi 469, na yote hayo yamebebwa na gari lisilofika kilo 1,200. Mwaka huohuo jarida la Road & Track lililijaribu kwenye barabara ya Ehra-Lessien, Ujerumani, nalo likafika kilomita 339 kwa saa. Wapenzi wengi wa magari wanalijua zaidi kupitia filamu ya dereva Stefan Roser akilizungusha kwenye kiwanja cha Nürburgring, mkia ukiwa nje kona baada ya kona, na kamera ikimulika viatu vyake na soksi nyeupe zikicheza juu ya pedali. Kulikuwa na sababu nyingine ya jina la Ruf kuonekana mara kwa mara kwenye michezo ya kompyuta. Kwa miaka mingi leseni ya Porsche ilikuwa mikononi mwa kampuni ya michezo ya Electronic Arts, na watengenezaji wengine walipoitaka 911 walilazimika kupitia mlango wa Ruf. Porsche yenyewe iliingia Assetto Corsa mwaka 2016.

Watengenezaji wa simuleta hii, Kunos Simulazioni wa Italia, hawakuandika popote kwamba gari hili likiachiwa mafuta liserereke. Kwangu mimi hapo ndipo ustadi wao ulipo. Walichoandika ni uzito na mahali ulipo, urefu wa mikono ya magurudumu, ugumu wa springi na shokapu, na tabia ya tairi. Kompyuta hupiga hesabu hizo upya mara 333 kwa sekunde, na mserereko hutokea wenyewe.

Tufuate hesabu hiyo. Katika 911 ya enzi zile, takriban asilimia 60 ya uzito iko nyuma. Unapokanyaga mafuta, uzito zaidi husogea nyuma na tairi za nyuma hukandamizwa kwenye lami. Ndiyo maana gari hizi hutoka kwenye kona kwa nguvu, na ndiyo maana 911 ya dereva Vic Preston Jr. ilimaliza ya pili katika Safari Rally ya 1978, kwenye matope na vumbi la Kenya. Ukiachia mafuta, mambo mawili hutokea kwa mpigo. Uzito hukimbilia mbele, tairi za mbele zikapata mshiko na kuuma kona zaidi ya ulivyozitaka. Wakati huohuo injini inazivuta tairi za nyuma kama breki, nazo zimeshapunguziwa mzigo uliokuwa ukizishikiza. Kinachobaki nyuma ni chuma kizito kinachotaka kuendelea na safari yake kwa mstari ulionyooka.

Tairi ndiyo inayoamua jinsi hali hiyo itakavyoisha. Ukiiongezea mzigo, mshiko unaongezeka, ila si kwa kiwango kilekile: mzigo mara mbili hauleti mshiko mara mbili. Halafu kila tairi hushika vizuri zaidi ikiwa imepinda kidogo kutoka njia inayoelekea, na ukipitiliza pembe hiyo mshiko unapungua. Tairi ya mbio ya siku hizi hufika kileleni haraka na kuanguka haraka. Tairi ya barabarani ya zamani ina kilele kipana, inaanza kuteleza mapema lakini inateleza kwa upole na kukupa muda. Kunos walizitenganisha tairi kwa zama zake, na bila uamuzi huo Yellowbird ingekuwa ama kichaa asiyeshikika ama gari la kisasa lililovaa nguo za kale.

Turbo nayo imeandikwa kwa namna inayonivutia kwa uchache wake. Ndani ya faili ya injini kuna tarakimu chache tu: turbo inachukua muda gani kujaa, muda gani kushuka, shinikizo la juu ni lipi, na inahitaji injini izunguke kasi gani ili ifanye kazi sawasawa. Kando yake kuna jedwali la nguvu ya injini kwa kila mwendo wake. Kutokana na mistari hiyo michache, mguu wako unalazimika kujifunza lugha mpya: mafuta unayokanyaga sasa yatajibiwa baadaye.

Mahali pa kuyaona haya yote kwa pamoja ni Nordschleife, barabara ya Nürburgring yenye kilomita 20.8 iliyopimwa kwa miale ya leza hadi mabonde madogo ya lami yakaingia kwenye simuleta. Chukua kipande cha Schwedenkreuz na Aremberg. Unafika Schwedenkreuz ukizidi kilomita 200 kwa saa. Kabla ya kona ya kushoto kuna mgongo wa barabara unaolifanya gari zima kuwa jepesi. Anayeachia mafuta juu ya mgongo ule amekwisha, kwa sababu tairi za nyuma zinanyang'anywa mzigo mara mbili, na mgongo na pia na mguu wake mwenyewe. Dawa ni kupunguza mwendo mapema, usukani ukiwa umenyooka, kisha kurudisha mafuta kidogo kabla ya kukata kona, ili nyuma ibaki imekandamizwa.

Aremberg, kona ya kulia inayofuata, inataka kinyume chake. Hapo unashika breki sana, na unaiachia breki taratibu huku ukiingiza usukani, ukiacha mkia ulegee kidogo ili uso wa gari ugeuke. Mafuta unayarudisha mapema kuliko akili inavyokuambia, kwa kuwa turbo bado imelala. Ukipatia, nguvu inafika wakati magurudumu yananyooka, nawe unashuka Fuchsröhre gari likiunguruma. Ukikanyaga zaidi ya ulivyopaswa, nguvu hiyohiyo inakuta usukani bado umepinda, na mkia unatoka tena, safari hii kwa kusukumwa.

Dereva wa kweli angeyahisi haya kiunoni na mgongoni. Mbele ya skrini hakuna kiuno, kwa hiyo usukani unabeba kazi ya mwili mzima. Kunos hawakuujaza mitetemo ya kubuni. Nguvu unayoihisi mkononi inatokana na hesabu ya jinsi tairi za mbele zinavyousukuma mfumo wa usukani. Tairi inapokaribia kikomo, usukani unalegea kabla mshiko haujaisha, na huo ni ujumbe wa kuheshimiwa. Mkia unapotoka, usukani unaanza kujizungusha wenyewe kuufuata. Uache upite vidoleni kisha uudake. Ukiung'ang'ania utachelewa.

Upungufu upo, na ni mkubwa kwa mwenye kiu ya uhalisia. Kama ulivyotolewa na watengenezaji wake, mchezo huu hauna mvua wala usiku, na Nordschleife bila mvua ya ghafla ni nusu ya Nordschleife. Toleo la PlayStation 4 na Xbox One la mwaka 2016 linachezeka kwa kidhibiti cha mkononi, lakini ule ujumbe wa usukani kulegea haufiki kwenye kidole gumba, na Yellowbird bila ujumbe huo ni gari la kubahatisha.

Anayeanza asikimbilie Nordschleife. Magione, kiwanja kifupi cha Italia kilichomo ndani ya mchezo, kinatosha. Zima misaada yote, weka gia ya tatu, tafuta kona moja ndefu, na rudia jambo moja tu: kupunguza mafuta kwa robo, si kuyaachia yote, huku ukisikiliza mikono. Mkia ukianza kusogea nawe ukaurudisha kwa mafuta badala ya usukani, nenda gia ya nne.