Makadirio na Vipimo vya Hewa ya Songea

Atakaye kujua ni kiasi gani cha moshi na vumbi kimo katika hewa ya Songea, ilhali hana chombo cha kupimia, aghalabu huishia kwenye makadirio ya modeli, na iliyo mashuhuri miongoni mwa modeli hizo ni ile ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, ambayo huigawa dunia nzima katika miraba yenye upana wa kilomita 40 hivi, ikaupa kila mraba tarakimu moja kwa kila saa. Mraba wa namna hiyo ukitua juu ya Songea huumeza mji wote, na milima ya Matogoro unakochimbuka Mto Ruvuma, na mashamba na mapori ya kando, vyote vikawa kitu kimoja; kwa hiyo jikoni pa mtaa wa Lizaboni na kilele chenye upepo husomewa hesabu ile ile.

Tarakimu hiyo haitoki hewani tupu. Moto wa mashamba na mapori, ambao kusini mwa Afrika hukithiri baina ya Juni na Oktoba, hukisiwa kutokana na joto lake lionwalo na satelaiti. Moshi wa majumbani hukadiriwa kwa takwimu za watu na nishati. Kisha upepo wa modeli huusambaza. Lakini satelaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa 1999 na 2002, kwa miaka mingi zilipita mchana karibu na saa nne na nusu na saa saba na nusu, wakati ambapo mama wa Songea hajawasha moto wa chakula cha jioni. Fauka ya hayo, satelaiti huyaona machembe ya safu nzima ya anga, wala haijui ni mangapi yaliyo usawa wa pua ya mtu. Asubuhi za baridi za Julai, tabaka la chini la hewa linapokuwa jembamba, kuni chache tu hutosha kuuchafua mtaa mzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Modeli imetoa mikrogramu 18 za chembe laini kwa mita ya ujazo alfajiri, 22 adhuhuri, 21 alasiri na 19 usiku. Chombo kilichowekwa mtaani kimesoma 38, 6, 8 na 28. Wastani wa pande zote mbili ni 20 kamili, na mwenye kuangalia wastani peke yake ataisifu modeli kwa usahihi usio na taksiri. Ila ukitumia kipimo kilichozoeleka tangu watafiti Chang na Hanna walipokieleza mwaka 2004, kitakacho angalau nusu ya makadirio yawe baina ya nusu na mara mbili ya kilichopimwa, ni jozi moja tu kati ya nne, ile ya usiku, inayopita. Mimi ningeikataa modeli hiyo kwa kazi ya kumshauri mgonjwa wa pumu, na ningeikubali bila ya wasiwasi kwa kulinganisha mwezi na mwezi.

Chombo nacho kina ila zake. Vyombo vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga unaotawanyika, na masika unyevu huzivimbisha chembe, zikaonekana nyingi kuliko zilivyo. Ndiyo maana mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, uliviweka vyombo vyake kando ya mashine ya rejea ya mionzi ya beta jijini Kampala, ukajifunza kiasi cha kusahihisha. Kanuni ya Kampala, hata hivyo, haifai kuhamishiwa Songea bila ya kujaribiwa upya, kwa kuwa vumbi la malori ya makaa ya mawe yatokayo Ngaka, wilayani Mbinga, halitawanyi mwanga kama moshi wa mkaa.

Kwa mintarafu ya Songea, basi, ulinganishi wa haki ungetaka vyombo visivyopungua viwili, kimoja Mfaranyaki penye watu na kingine mbali na barabara upande wa juu wa upepo wa kusi, ili cha pili kilinganishwe na mraba wa modeli na cha kwanza kionyeshe mji umeongeza nini juu yake. Saa za alfajiri na za usiku zihesabiwe mbali na za mchana, na kiangazi mbali na masika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha 2021 kwa chembe laini, mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku, kisiwekwe mezani kabla ya hapo.