Mtokezo wa Pini na Namba Isiyo na Kipimo

Katika makala haya nakusudia kuijadili sentensi moja tu. Imo katika rasimu ya tafsiri ya Kiswahili ya mwongozo wa kukagua bunduki ya Mosin, ambayo jeshi la Urusi liliipokea mwaka 1891 na kuifanyia marekebisho mwaka 1930. Rasimu haijachapishwa, na mfasiri wake sitamtaja, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake inasomeka vizuri. Sentensi yenyewe ni hii: "Pini ya moto ikiwa tayari, utokezaji wake katika bolti uwe kati ya 75 na 95, yaani milimita 0.75 hadi 0.95."

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe kwa msomaji asiyepata kushika bunduki. Ndani ya komeo la bunduki ya namna hii mna pini ndefu ya chuma inayosukumwa na springi. Kifyatulio kikivutwa, pini huruka mbele. Ncha yake hutokeza kidogo katika tundu la uso wa komeo na kuigonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi. Urefu wa ncha hiyo iliyotokeza ndio unaopimwa. Ukiwa mfupi mno, fataki huguswa tu na risasi hailipuki. Ukiwa mrefu mno, ncha huweza kuitoboa fataki, na gesi ya moto ikarudi nyuma kuelekea uso wa mwenye kulenga. Ni dhahiri basi kwamba hapa hatubishani juu ya ladha ya maneno.

Tuanze na namba, maana ndimo lilimo kosa kubwa. Bunduki ya Mosin hutolewa pamoja na bisibisi bapa yenye mapengo mawili ubavuni, moja limeandikwa 75 na jingine 95. Hakuna kipimo kilichoandikwa kando ya namba hizo. Mfasiri, kwa kuzoea mita, amezigeuza kuwa sehemu za mia za milimita. Lakini bunduki hii ilibuniwa wakati Urusi ikipima kwa inchi, na inchi ya Kirusi ni sawa na ya Kiingereza. Amri ya kulazimisha mita ilitolewa mwaka 1918. Kwa hiyo 75 ni sehemu 75 za elfu za inchi, karibu milimita 1.9, na 95 ni karibu milimita 2.4. Fundi atakayeifuata rasimu hii atakuta pini nzima yenye mtokezo wa milimita 2.1, ataihesabu kuwa ni ndefu kupita kiasi, na huenda akaichukulia tupa. Pini mbovu ya milimita 0.85 ataipitisha na kuitia sahihi.

Kosa hilo lina ndugu yake katika ukurasa wa kwanza, ambako rasimu yaiita silaha hii "bunduki ya mistari mitatu". Ni kweli kwamba Warusi waliiita hivyo. Lakini "mstari" wao hapo si mstari wa kuchora. Ni kipimo, sehemu ya kumi ya inchi. Mistari mitatu ni milimita 7.62, nao ndio upana wa tundu la mtutu. Msomaji wa Kiswahili atageuzageuza bunduki akitafuta mistari iliyochorwa asiione. Jina la kipimo ambacho sisi hatunacho halifasiriwi kama neno la kawaida: ama liachwe lilivyo na kuelezwa, ama thamani yake itolewe kwa kipimo tukijuacho.

Kosa la pili katika sentensi yetu ni dogo kwa macho: neno "tayari". Bunduki iliyo tayari, kwa askari yeyote, ni ile iliyokokiwa. Lakini bunduki ikikokiwa pini huwa imerudishwa nyuma, na ncha yake haitokezi hata kidogo. Kipimo huchukuliwa komeo likiwa limetolewa katika bunduki na pini ikiwa imeachiliwa mbele. Hapo fundi hulipitisha pengo la 75 juu ya ncha: ncha sharti iguse kina cha pengo. Kisha hulipitisha lile la 95: ncha isiguse. Mwenye kufuata neno "tayari" atapima tundu tupu.

Sasa tuje kwenye istilahi. "Bolti" ni neno letu siku nyingi, lakini katika karakana limekwisha shika kazi nyingine: ni kile chuma chenye meno kinachofungwa kwa nati. Kipande cha bunduki kinachosukumwa mbele, kikazungushwa na kufunga mtutu kwa nyuma, chafanya kazi ile ile ya komeo la mlango. Tuseme "komeo", na silaha yenyewe iitwe "bunduki ya komeo". Vivyo hivyo, pengine rasimu yaandika "praima" wakati Kiswahili kilikuwa na "fataki" tangu enzi za gobori. Najua kwamba siku hizi Tanzania neno hilo lamtaja pia mtu mzima anayewarubuni wasichana. Lakini sidhani kuna fundi atakayemtafuta kitakoni mwa risasi.

"Pini ya moto" sikubaliani nayo, kwa kuwa pini haina moto. Moto uko katika fataki. Nimefikiria "sindano", nikaikataa, kwani sindano huchoma, na ncha hii sharti iwe ya mviringo na laini ili ibonyeze bila kutoboa. "Kigongeo" ni neno zuri, ila peke yake halisemi kama ni nyundo au ni nini. Napendekeza "pini ya kugongea", ambayo fundi ataielewa kabla hajafungua kamusi.

Limebaki "utokezaji". Umbo hili hutaja kitendo, kama ulimaji na usomaji. Tunachopima si kitendo bali matokeo yake yaliyo na urefu, na kwa hayo Kiswahili kina umbo la mwinuko na mteremko. Hivyo "mtokezo". Mwenzangu mmoja ashikilia "mchomozo", akisema kwamba jua nalo huchomoza kidogo kidogo. Sina ugomvi mkubwa naye, ila kuchomoza kwanifanya nitazamie kitu kitakachozidi kutoka, na pini hii yapasa ikome mahali pake.

Kwa hiyo sentensi isomeke hivi: "Komeo likiwa limetolewa na pini ya kugongea ikiwa imeachiliwa mbele, mtokezo wa ncha katika uso wa komeo usipungue milimita 1.9 wala usizidi milimita 2.4, katika bisibisi ya bunduki mipaka hiyo imeandikwa 75 na 95, yaani sehemu za elfu za inchi." Ni ndefu kuliko ya rasimu. Na kando yake ichorwe bisibisi yenyewe, mapengo yake mawili yakionekana, moja likigusa ncha na jingine likipita.