Aliyelijenga jeshi upya

Barabara ya Dodoma ikishauacha uwanja wa ndege wa Arusha hupita Kisongo, kwenye mnada wa ng'ombe na mbuzi, kisha mbele huchepuka njia ya Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Nyuma yako unauacha Mlima Meru. Huko Umeruni ndiko alikozaliwa mwaka 1934 Mirisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa nchi hii. Nikipishana hapa Kisongo na lori la jeshi limejaa maofisa wanafunzi, migongo imenyooka licha ya vumbi, humkumbuka yeye, maana kazi yake haionekani kwa macho mpaka mtu akae kuitafakari.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi. Kambi ya Colito, Dar es Salaam, ilianza tarehe 20. Tabora ikafuata kesho yake. Walidai mishahara bora, na walichoka kuwa chini ya maofisa wa Kiingereza miaka miwili baada ya Uhuru. Sarakikya, aliyesomea uofisa Sandhurst, alikuwa Tabora, miongoni mwa maofisa Waafrika wachache mno waliokuwepo, na yeye ndiye aliyebaki kuwashika askari wa kikosi kile. Mwalimu Nyerere alilazimika, kwa uchungu mkubwa, kuwaita Waingereza. Tarehe 25 makomando wao walishuka Colito na uasi ukazimwa. Jeshi lote likavunjwa, na kwa miezi kadhaa ulinzi ukaegemea wanajeshi walioazimwa Nigeria.

Tarehe 1 Septemba 1964 JWTZ ilizaliwa, na Sarakikya akakabidhiwa. Alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Ofisa kijana hufundishwa kuongoza platuni, kusoma ramani, kupanga shambulizi. Hakuna anayefundishwa kuanzisha jeshi ambalo wananchi wake wametoka kuliogopa. Makuruti wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa chama tawala, TANU, na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililokuwa limeanzishwa mwaka uliotangulia. Muungano wa Aprili 26 ulikuwa umeleta pia wapiganaji wa Zanzibar, waliotoka kwenye mapinduzi yenye historia tofauti kabisa. Wakufunzi wa Kanada walikuja mwaka 1965 na kuondoka mwaka 1970. Wachina nao wakaja na silaha zao na namna yao ya kufundisha. Fundi cherehani aliyepewa vitambaa vya majora matatu angeelewa shida hiyo. Vyote ilibidi vishonwe pamoja mpaka askari wa Pemba na wa Musoma, wakisikia "mguu sawa", wapige kisigino kwa mlio mmoja.

Lililo gumu zaidi lilikuwa utii kwa raia. Nyerere aliamua mwanajeshi asitengwe na siasa, bali awe mwanachama wa TANU kama mwananchi mwingine. Wengi walitilia shaka uamuzi huo, nami naona shaka yao ilikuwa na msingi. Lakini katika muongo ule majeshi ya majirani yaligeukia ikulu: Uganda, Januari 1971, Idi Amin alimpindua Obote. Dar es Salaam haikupinduliwa. Sifa si ya mtu mmoja, ila mkuu wa majeshi ndiye hutazamwa na kila koplo, na Sarakikya alitazamwa miaka kumi.

Mwaka 1974 alimkabidhi Abdallah Twalipo kiti, akaingia serikalini kuwa waziri, baadaye balozi. Hilo ndilo ninalolistahi kuliko yote: aliondoka kama mtu anayemaliza zamu. Amin alipoingia Kagera Oktoba 1978, amri ilikuwa ya Twalipo, na uwanjani jina lililovuma lilikuwa la David Musuguri. Mgambo wengi waliongezwa haraka, lakini kiunzi kilikuwa kile kilichojengwa tangu 1964, na Aprili 11, 1979 Kampala ilitekwa. Sarakikya hakuwa kwenye picha za ushindi. Uzeeni aliendelea kupanda Kilimanjaro.