Jeraha la Moto Pasipo Moto

Imekuwa desturi katika tafsiri zetu kuliita kila jeraha la joto "jeraha la moto". Istilahi hiyo haitoshi. Fundi wa gereji katika eneo la Unga Limited, Arusha, afunguapo rejeta iliyochemka huunguzwa na mvuke. Mtandaza lami huunguzwa na lami. Mpishi huunguzwa na mafuta. Hapana moto uliowagusa. Afisa ashughulikiaye madai chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 aweza kuuliza moto huo uliwaka wapi, na haki ya mtu ikachelewa.

Tena huduma hutofautiana. Palipoungua hupozwa kwa maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20, lakini lami iliyogandamana na ngozi haibanduliwi. Agizo la jumla, "ondoa kilichounguza", laweza kumchuna mgonjwa ngozi.

Kwa hiyo twapendekeza "jeraha la kuungua" liwe istilahi ya jumla, ifuatwe na kisababishi chake: kwa mvuke, kwa lami, kwa moto. "Kubabuka" kubaki kwa ngozi iliyotoka. Wafasiri na walimu wanaombwa kuyapima mapendekezo haya.