Chumvi, Magadi na Ngano: Maoni juu ya Istilahi za Ustahimilivu

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya, wala si kwa uzuri wa sauti yake. Kwa kipimo hicho, hatuna budi kuyachunguza maneno matatu ambayo katika tafsiri za kilimo hutumiwa kana kwamba ni mamoja: uvumilivu, ustahimilivu na ukinzani. Yote huambatanishwa na ngano iotayo katika ardhi ya chumvi.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2012 Rana Munns na wenzake, nchini Australia, walitangaza kwamba jeni kutoka Triticum monococcum, ilipohamishiwa katika ngano ngumu itengenezwayo tambi, iliongeza mavuno kwa asilimia 25 katika shamba la chumvi, ikilinganishwa na ngano hiyo hiyo isiyo na jeni. Kazi ya jeni hiyo ni kuizuia sodiamu mizizini isipande hadi majanini. Shayiri, kwa upande wake, huweza kuwa na sodiamu nyingi majanini na bado ikaendelea kukua. Mmoja hufunga mlango. Mwingine humpokea mgeni na kuishi naye. Kuziita hali hizi mbili kwa jina moja ni kuuficha ujuzi ule ule ambao mfasiri ametakiwa aufikishe.

Kwa hiyo twapendekeza ustahimilivu liwe jina la jumla, na chini yake pawe na uzuiaji wa chumvi kwa hali ya kwanza, na ustahimilivu wa tishu kwa hali ya pili. Ukinzani ubakie kwa maradhi na wadudu, ambako umekwisha kuzoeleka. Uvumilivu waachiwe wanadamu.

Neno ngano-mwitu nalo limetwishwa mzigo usio wake. Triticum monococcum ina aina za mwitu, lakini pia imelimwa kwa maelfu ya miaka. Thinopyrum, ambayo baadhi ya aina zake hustahimili chumvi kuliko ngano, ni nyasi wala si ngano. Kusema mimea ya nasaba ya ngano, ya mwitu na ya kulimwa, kwatosheleza yote.

Zito zaidi ni jina la udongo wenyewe. Kiswahili kinazo chumvi na magadi, lakini mfasiri akiandika udongo wa chumvi kwa yote mawili, hasara humfikia mkulima. Udongo wa chumvi husafishwa kwa maji mengi mazuri yenye njia ya kutokea. Udongo wa magadi huhitaji kwanza jasi au dawa nyingine yenye kalisi. Ukioshwa kwa maji matupu huzidi kuziba. Bwana shamba akiongozwa na neno potofu, maji, fedha na msimu vyote hupotea.

Huenda ikasemwa kwamba tunazidisha maneno. Twajibu kwamba chumvi na magadi hatukuyabuni sisi; tuliyakuta vinywani mwa watu. Wajibu wetu ni kutoyachanganya.