Seva Binafsi za Michezo ya Simu: Uhakiki wa Neno "Uharamia"

Neno "uharamia" limekuwa jepesi mno katika mijadala ya michezo ya simu. Hubandikwa kila seva binafsi, yaani kila seva inayoendesha mchezo bila idhini ya mwenye hakimiliki, pasi na kuuliza imechukua nini na kwa ajili ya nani.

Clash of Clans, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland, ni mfano mwafaka. Mchezaji hujenga kijiji, na jengo moja la ngazi ya juu huweza kuchukua siku kadhaa kukamilika. Asiyetaka kungoja hununua vito kwa fedha halisi. Seva binafsi humpa vito bila kikomo, na watetezi wake huuita huo ukombozi. Hoja hiyo haina mashiko. Kungoja ndiko uzi unaoishikilia hadithi ya kijiji. Ukikatwa, hubaki ramani iliyosheheni majengo yasiyo na historia. Kampuni nayo haiwezi kudai usafi wa kisanaa, kwani uzi huohuo ndio inaouuza vipande vipande.

Kisheria, utata ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Mwaka 2005, katika kesi ya bnetd, mahakama ya rufaa ya Marekani iliwatia hatiani kimadai waundaji wa seva mbadala ya Battle.net, japo programu yao waliiandika wenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huziweka programu za kompyuta katika kundi la kazi za fasihi (wahakiki wa fasihi wangefaa kulitafakari hilo).

Lakini sheria hailijibu swali la kumbukumbu. Nostalrius, seva ya mashabiki wa World of Warcraft, mchezo wa kompyuta, ilifungwa Aprili 2016 kwa shinikizo la kisheria la Blizzard. Ilikuwa imeufufua bila malipo ulimwengu wa awali uliofutwa na masasisho. Mwaka 2019 Blizzard yenyewe ikatoa toleo hilo la kale. Kuiita Nostalrius kwa jina moja na mgawa vito ni uvivu wa istilahi.

Uvivu huo humgusa zaidi mchezaji wa simu. Kitufe humwambia "nunua", ilhali mkataba humpa leseni tu. Seva rasmi ikizimwa, hubaki na alama ya mchezo kwenye kioo, isiyofungua chochote.